Tufani ya 1872 na Karafuu ya Pemba

Wazee wa Unguja waliujua mwaka kwa pepo zake: kaskazi ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, kusi ikiyarejesha, na masika baina yake. Tarehe 15 Aprili 1872, ndani ya masika hayo, ilishuka tufani. Merikebu za Sayyid Barghash zilivunjika bandarini, na mikarafuu mingi ikang'oka pamoja na mizizi yake. Mche mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Pemba ilisalimika. Bei ya karafuu ilipopanda, mashamba yake yakaongezwa, na jembe likashikwa na mikono ya watumwa. Hivyo, sifa ya karafuu ya Pemba haikutokana na rutuba pekee. Yamo ndani yake maombolezo ya Unguja na jasho la wasiotajwa.