Mwani wa Ghuba ya Mwanza

Mwani wa Ghuba ya Mwanza ni viumbehai wadogo sana wanaoelea kusini mwa Ziwa Viktoria, nchini Tanzania, na mara kwa mara huyafanya maji kuwa ya kijani. Wengi si mwani halisi bali sianobakteria, hasa wa jenasi Microcystis na Anabaena. Hustawi kwa nitrojeni na fosforasi kutoka majitaka, mbolea na udongo unaomomonyoka.

Microcystis huweza kutoa mikrosistini, sumu inayodhuru ini. Kuchemsha maji huua vimelea vya kipindupindu, lakini hakuondoi sumu hiyo. Klorini nayo, ikitiwa mapema, hupasua seli na kumwaga sumu majini. Ndiyo maana katika usafishaji mzuri seli huondolewa kwanza zikiwa nzima: shabu huzigandisha pamoja, mabonge hutuama, maji huchujwa kwa mchanga, na klorini hutiwa mwishoni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji yanayonywewa kila siku ni mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita.

Jiji la Mwanza huvuta maji ya ziwa kupitia mitambo ya Capri Point na Butimba. Wakazi wa mialoni wasio na bomba huteka ufukweni, palepale upepo unapokusanya utando wa kijani. Ni salama zaidi kuteka mbali nao.