Mwambao wa Ujiji Katika Sinema

Mtu ashukaye garimoshi Kigoma, akapanda hadi mtaa wa Mwanga na kuifuata njia iendayo Ujiji, hupita katika nchi ambayo watengenezaji wa sinema wa ng'ambo wameisimulia zaidi ya mara moja, na aghalabu kwa kuipigia picha mahali pengine. Na maadamu filamu ni shahidi mwenye sauti kubwa, ni insafu ushahidi wake upimwe kwa tarehe kabla ya kukubaliwa.

Mwaka 1939 Hollywood ilitoa Stanley and Livingstone, ambayo ndani yake Spencer Tracy aliigiza Stanley, mwandishi wa habari aliyekwenda Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone, kwa ustadi nisiotaka kuupunguzia sifa. Lakini kisa kimetiwa mapenzi ya kubuni, na mwishowe Stanley hurudi Afrika kama mrithi wa kazi njema ya Livingstone, ilhali tarehe yatwambia kuwa tangu 1879 alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika kuitwaa Kongo. Stanley mwenyewe ameandika kwamba, alipoingia Ujiji Novemba 1871 katikati ya halaiki na milio ya bunduki, aliyemwamkia kwanza kwa Kiingereza hakuwa Livingstone bali mtumishi wake Susi, aliyevaa kanzu ndefu nyeupe na kilemba cha amerikani. Mimi ningalipewa kisa hiki ningalianza kwa Susi na kumaliza kwa Susi, kwani ni yeye na Chuma na wenzao walioichukua maiti ya bwana wao kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, wakawasili Februari 1874.

The African Queen ya John Huston, iliyopigwa mwaka 1951 katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda, ilimpatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar, na kwa uigizaji wake alistahiki. Humo meli ya Kijerumani, Louisa, ambayo watu huinasibisha na Graf von Götzen ya Kigoma, hupasuliwa na torpido zilizoundwa kwa mikono na nahodha mlevi wa mashua. Götzen ya kweli iliundwa Papenburg, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku takriban 5,000, ikavushwa bahari, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kuuhama mji, wahandisi wale wale walioiunga waliipaka mitambo yake grisi kwa makini, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi, mithili ya mtu afukiaye akiba yake. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali yafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mhandisi aipakaye grisi mashine anayoizamisha kwa mkono wake ni tamthilia tosha. Mlipuko wa Huston ni wa kuwaridhisha wasiopenda kungoja.

Juu ya Mountains of the Moon ya Bob Rafelson, iliyotoka 1990, sina mengi. Ina mandhari ya kupendeza, na Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke hadi Ujiji mwaka 1858, hakusahauliwa. Ila hadithi huliacha ziwa mapema ikahamia Uingereza, katika ugomvi wa mabwana hao wawili.

Mtazamaji wa huku alipata kauli yake mabanda ya video yalipoenea nchini, Mwanga isikose. Katika giza la banda, mbele ya hadhira iliyobanana juu ya mabenchi, mtafsiri (na kati ya watafsiri hao Lufufu ndiye aliyevuma sana) alikalia kiti cha mhakiki: akaifunika sauti ya mwigizaji kwa Kiswahili, akamcheka alipostahili kuchekwa, akafafanua lililoachwa bila maelezo, na pengine akaongeza la kwake. Wako wastaarabu wasemao kuwa huko ni kuiharibu kazi ya mtu. Lakini aliyeilipua Louisa alijipa ruhusa kubwa kuliko hiyo, naye akapewa heshima.