Fundi saa aliyewasumbua wakubwa wa London

Oktoba 2024 darubini ya Anglo-Australian, iliyoko Siding Spring, Australia, ilitimiza miaka 50 tangu ifunguliwe na Mwanamfalme Charles, ambaye leo ni Mfalme wa Uingereza. Wapenzi wa anga wanaikumbuka kwa picha za rangi za mpigapicha wake, David Malin, ikiwemo ya nebula ya Karina, wingu la gesi na vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 7,500 hivi. Anayestahili kukumbukwa pamoja naye ni mfungwa mmoja wa zamani.

Kati ya 1834 na 1838 mwanafalaki John Herschel aliichunguza nebula hiyo akiwa Cape Town, akaichora kwa mkono, nyota moja baada ya nyingine. Mchoro ulichapishwa mwaka 1847 na ukawa kipimo cha kila mtu.

Huko Hobart, Tasmania, Francis Abbott hakuridhika nao. Alikuwa fundi saa Mwingereza aliyehukumiwa kuhamishiwa huko kama mfungwa kwa miaka 7 kwa kosa la kujipatia saa kwa udanganyifu. Baadaye alifungua duka, akanunua darubini na kuanza kuandikia majarida ya London. Kuanzia 1863 alidai kwamba nebula imebadilika umbo, na kwamba nyota Eta, ambayo Herschel aliichora ikiwa imezama ndani ya wingu, sasa imebaki nje yake.

Wakubwa wakachemka. Wingu kubwa kiasi kile libadilike ndani ya miaka 30? Herschel mwenyewe alijibu. Mwaka 1869 darubini kubwa ya Melbourne, yenye kioo cha sentimeta 122, ilianza kazi, na mtazamaji wake, Albert Le Sueur, naye akaona tofauti na mchoro. Hata hivyo, mwaka 1871 wanafalaki wa London, akiwemo George Airy, walimkatalia Abbott. Wakalaumu udogo wa darubini yake na michoro yake.

Kweli, wingu halikuwa limehama. Lakini Eta, iliyong'aa mwaka 1843 kuzishinda nyota zote isipokuwa Sirius, ilikuwa imefifia hata macho matupu hayakuiona tena. Nuru yake ilipopungua, sura ya eneo lote ilionekana tofauti. Abbott alikuwa na sababu ya kuuliza, na nadhani asili yake iliwarahisishia kumpuuza.

Ugomvi wa aina hii ulihitaji shahidi asiyechora kwa mkono. Miaka ya 1890 wanafalaki Henry Russell wa Sydney na David Gill wa Cape Town waliipiga nebula picha kwa sahani za kioo. Rangi ilichelewa, kwa kuwa filamu ya kawaida ya rangi huharibu uwiano wa rangi ikiachwa wazi muda mrefu gizani. Malin alitumia sahani tatu za picha nyeusi na nyeupe, kila moja kupitia kichujio chake: buluu, kijani na nyekundu. Kisha akaziunganisha katika chumba cha giza. Wekundu uliotokea ni wa hidrojeni.

Julai 2022 darubini ya James Webb ilitoa picha ya ukingo wa nebula hiyo, ikasambaa duniani kote. Ile darubini ya Melbourne, iliyokuwa imehamishiwa Canberra, iliungua katika moto wa huko mwaka 2003, na mabaki yake yanakarabatiwa. Gharama ya ukarabati huo ina maana iwapo wageni watakaokuja kuitazama wataelezwa pia habari za fundi saa wa Hobart.