Mzee wa Baraza Asiye Mzee

Mauaji yakitokea Kisenyi, mtaa wa Kampala, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kampala, haitaamuliwa na juri. Uganda haina juri. Uingereza, juri ni raia 12 wanaookotwa kwa bahati nasibu katika daftari la wapiga kura, na wao ndio huamua hatia; jaji hubakiwa na adhabu. Kampala jaji hukaa na raia wawili au zaidi, wanaosikiliza ushahidi kisha wakampa maoni yao kwa mdomo. Jaji hafungwi na maoni hayo, ila akiwapinga walio wengi sharti aandike sababu katika hukumu.

Tanzania humwita raia huyu mzee wa baraza. Jina tamu, lakini Uganda linapotosha. Kamusi nyingine hufasiri hata juri kuwa baraza la wazee wa mahakama, basi mwenye kushauri na mwenye kuamua wakavaa kanzu moja. Na uzee wenyewe uko wapi? Kanuni za Uganda zinataka raia wa miaka 21 hadi 60. Mzee hasa ameshasamehewa.

Anabaki nani? Wabunge, mawakili, polisi na wanajeshi hawamo. Asiyeelewa lugha ya mahakama hayumo, na lugha hiyo ni Kiingereza, ingawa Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Asiye raia pia hayumo. Kisenyi, wanakoishi wakimbizi wengi wa Kisomali jirani na wasaga mahindi na mafundi vyuma, chujio hilo ni zito: mkimbizi aweza kuwa mshtakiwa au shahidi, mshauri kamwe. Kisha kuna muda. Kikao cha jinai hupitia kesi baada ya kesi, na posho ya mshauri si ya kumfanya msagaji azime mashine. Naona hubaki mwenye Kiingereza na nafasi, ambaye huenda hajawahi kukanyaga Kisenyi.

Kwa hiyo nachagua mshauri wa mahakama. Mganda naye hatapotea, maana lugha yake ina omuwabuzi, mtoa ushauri. Juri libaki juri. Kenya, iliyofuta washauri mwaka 2007, ilikuwa na vyote viwili enzi za ukoloni: Mzungu alihukumiwa na juri la Wazungu wenzake, Mwafrika akapewa jaji na washauri ambao jaji aliweza kuwapuuza. Anayewaita wote wazee wa baraza hana neno la kuelezea tofauti hiyo.