Kutoka Kibandani Hadi Kwenye Rimoti

Hapa Kiogoro injini ya lori bado huinuliwa kwa cheni bloki: fundi anavuta mnyororo, nayo injini inapanda kidogo kidogo. Nilijifunza ufundi kwa mnyororo huo kabla ya kwenda kwenye karakana za Nairobi, ambako nilizipenda winchi zinazotembea juu ya reli, karibu na paa.

Zamani mwendeshaji alikaa huko huko juu, kibandani, joto la mabati likimchoma, akifuata ishara za mikono ya mwenzake aliye chini. Na mizigo haikuwa midogo. Injini za reli za Garratt, daraja la 59, zilizoundwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja. Baadaye kikaja kisanduku cha vitufe kinachoning'inia kwa kebo. Kilimshusha mwendeshaji, ila kikamfunga karibu mno na mzigo.

Redio ndiyo iliyomfungua. Wazo ni kongwe: Nikola Tesla aliongoza mashua kwa redio jijini New York mwaka 1898. Ninachokithamini mno ni usalama wa rimoti ya redio. Kila rimoti ina msimbo wake, na kipokezi kilicho juu ya winchi hakitii mwingine. Betri ikiisha au mawimbi yakikatika, kipokezi hukata umeme, springi hubana breki, mzigo ukabaki pale pale hewani. Lakini kabla ya zamu, bonyeza kwanza kitufe chekundu cha dharura. Vijana wangu siwaruhusu kuinua hata boliti kabla hawajakijaribu.