Kompyuta za mtumba katika nyanda za Buha

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ulikuwa umekula fedha nyingi na kuvuruga vitabu vya Hazina, na nchi nzima wakati huo haikuwa na mashine zaidi ya chache za kuhesabika kwa vidole. Watu wa Kasulu na Kibondo, wilaya za nyanda za Buha mkoani Kigoma, hawakupoteza kitu kwa marufuku hiyo. Kompyuta hawakuwa nayo, wala umeme wa kuiwashia.

Mashine zilikuja huku kwa njia ya vita vya jirani. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na Kongo kuwaka moto mwaka 1996, nyanda za juu za Kigoma zilijaa kambi: Mtabila na Nyarugusu upande wa Kasulu, Kanembwa, Nduta na Mtendeli upande wa Kibondo. Mashirika ya misaada yalifika na jenereta, redio za mawasiliano na kompyuta za mezani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfuko wa Kimarekani uitwao Global Catalyst Foundation, ukishirikiana na UNHCR, ulifungua vituo vya intaneti katika Chuo cha Ualimu Kasulu na ndani ya kambi ya Mtabila. Mkimbizi alisoma habari za kwao kwenye skrini, katika wilaya ambayo wakazi wake wengi hawakuwa wamewahi kugusa kibodi.

Kambi hazidumu. Nduta ilifungwa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015 Warundi walipokimbia kwa mara nyingine. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, na eneo lake sasa ni la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kila ofisi inapofungasha huacha vitu vizito, na kitu kizito alichoachiwa mtu wa Kasulu huanza maisha mapya.

Adui wa kompyuta kuukuu huku hakuwa uzee. Hadi Kigoma ilipoingizwa kwenye gridi ya taifa, hatua iliyosherehekewa Oktoba 2022, miji hii ilitegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawasaplai ndiyo huungua kwanza. Vumbi jekundu la kiangazi huziba feni hadi mashine inajizima kwa joto. Betri ndogo ya ubao mkuu, ile bapa kama sarafu, ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka; mwenye mashine hudhani imekufa, kumbe ni betri ya bei ndogo.

Ndipo fundi anapopata heshima yake. Fundi redio aliyezoea kuchomelea waya za kaseti hakuhitaji cheti ili kufungua sipiyu. Kanuni ya kazi ni rahisi: mashine tatu mbovu huzaa mbili nzima. RAM inatoka hapa, diski inatoka pale, kasha tupu linabaki kuwa ghala la skrubu. Spea haipatikani jirani, na safari ya soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ndefu na ghali, kwa hiyo fundi mwenye pawasaplai ya ziada humwazima mwenzake, akijua kesho yeye ndiye atakayeomba. Tabia hii ya kuazimana naiona ina thamani kuliko misaada mingi iliyofika kwa matarumbeta.

Nje ya Buha, wakati ulisaidia na ukaumiza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure kwa Kiswahili. Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP, na mashine nyingi zenye RAM ndogo zikabaki bila kinga ya virusi vinavyosambaa kwa fleshi. Mafundi wajanja walihamia Linux nyepesi. Wengine waliendelea na XP ileile.

Wewe unayetaka kupeleka kompyuta ya zamani shule ya Kasulu au Kibondo, peleka na pawasaplai ya akiba, stabilaiza na betri kadhaa za ubao mkuu. Kisha mtafute fundi wa pale mjini, umlipe kabla mashine haijaharibika.