Diski bandia: Fahamu upasuaji wa maumivu sugu ya mgongo

KATIKA mashamba ya Kericho na Bomet, mgongo ndio mtaji wa mchuna majanichai. Yeye hulipwa kwa kilo. Hushinda ameinama juu ya michai, akijipinda kutupa majani kikapuni, kisha hubeba mzigo huo hadi kituo cha kupimia uzani. Wengi huanza kuumwa kiunoni wakiwa bado vijana.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna diski 23. Kila diski ina ukingo mgumu wa nyuzinyuzi na kiini laini kinachopunguza mtikiso. Umri, kazi nzito na urithi huifanya ikauke na kusinyaa. Ikipasuka, kiini huweza kuchomoza na kubana mishipa ya fahamu, na maumivu yakashuka hadi mguuni.

Kwa miaka mingi, tiba ya upasuaji kwa diski iliyochakaa ilikuwa kuunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Maumivu huweza kupungua, lakini sehemu hiyo haipindi tena. Diski bandia ilibuniwa ili kuhifadhi mwendo huo.

Aina iliyopata umaarufu mwanzoni ilibuniwa Berlin Mashariki, katika hospitali ya Charité, na madaktari Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz. Bi Büttner-Janz alikuwa mwanasarakasi aliyejishindia dhahabu mbili katika Olimpiki za Munich, 1972. Diski yao ilipandikizwa kwa mara ya kwanza mnamo 1984, na Marekani ikaiidhinisha 2004. Baadaye iliondolewa sokoni, lakini za aina nyingine zingali zinatumika.

Kwa diski ya kiunoni, daktari hupitia tumboni, husogeza matumbo na mishipa mikubwa ya damu, huitoa diski mbovu na kuweka mahali pake mabamba mawili ya chuma, ambayo kwa kawaida huwa na plastiki ngumu katikati. Hatari zake ni pamoja na kuvuja damu, maambukizi na kifaa kuhama au kulika.

Si kila mgonjwa anayefaa. Wenye mifupa dhaifu, maambukizi, pingili zilizoteleza au viungo vya nyuma ya uti vilivyochakaa hushauriwa njia nyingine. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba matokeo yake hayatofautiani sana na ya kuunganisha pingili. Isitoshe, hakuna daktari anayeweza kumhakikishia mgonjwa kwamba atarudi kubeba kikapu.

Maumivu mengi ya mgongo hupungua kwa mazoezi, dawa na kubadilisha namna ya kufanya kazi. Hata hivyo, anayepoteza nguvu za miguu, kufa ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo anapaswa kukimbizwa hospitalini mara moja. Hospitali ya Tenwek, Bomet, ni miongoni mwa zile zinazofunza madaktari wa upasuaji wa mifupa.

Suala la nani alipie madhara hayo limefika mbali. Zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa mashamba ya Kericho waliishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) nchini Scotland, ilikosajiliwa, wakidai kazi iliwaumiza migongo. Kampuni ilipinga madai hayo. Mahakama ya Edinburgh iliruhusu kesi ya pamoja 2022, lakini mwaka uliofuata majaji wa rufaa wakaisimamisha ili taratibu za fidia za Kenya zitumike kwanza.

Taratibu hizo zimo katika Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini (WIBA) ya 2007, inayotaka dai la ajali liwasilishwe katika muda wa miezi 12. Ugumu ni kwamba mgongo wa mchuna chai mara nyingi huharibika polepole, bila siku moja inayoweza kutajwa kuwa ya ajali. Ndiyo maana ni muhimu kuripoti maumivu kwa mwajiri mapema na kuhifadhi kila cheti cha hospitali.